Kalamu ya Matetemeko ya Bangwe

Siku ya kwanza kazini sikupewa kiti wala meza. Mkuu wa Kituo, bwana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha mtambo, kule juu ya kilima cha Bangwe, Kigoma, akaniambia nivue viatu, nitembee hadi ukuta wa pili, kisha nirudi. Nilikuwa binti wa Ujiji niliyemaliza kidato cha nne juzijuzi tu, nimevaa gauni la kuazima, nikadhani ananikagua kama nina kilema. Nikatembea kwa madaha kabisa. Niliporudi akanionyesha karatasi nyeusi iliyoviringishwa kwenye pipa dogo lililokuwa likizunguka polepole. Juu yake kulikuwa na mstari mweupe ulionyooka vizuri, halafu mahali pamoja ukawa umeparuzwaparuzwa.

"Hiyo ni miguu yako," akasema. "Humu ndani, binti, hatua yako ni tetemeko. Ukiingia kichwakichwa, makao makuu watahangaika kutafuta kitovu cha tetemeko lenye gauni la maua."

Hakucheka, na mimi sikuthubutu kucheka. Kuanzia siku ile nilijifunza kutembea kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala, na mpaka leo wajukuu wananilalamikia kwamba nawatokea nyuma bila kusikika.

Ninyi watoto wa simu hamwezi kujua kazi ile ilivyokuwa. Kila asubuhi tuliwasha koroboi, tukaishika karatasi juu ya moshi wake mpaka ikajaa masizi, kisha tukaivisha kwenye pipa. Sindano nyembamba iliyakwangua masizi yale, na ilipopita ilibaki alama nyeupe. Kesho yake karatasi ilivuliwa, ikachovywa kwenye vanishi ili masizi yasifutike, ikaanikwa kwenye kamba kama nguo. Nilirudi nyumbani nimechafuka hadi puani. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba serikali imeniajiri kuuza mkaa.

Mtambo wenyewe ulikaa chumba cha ndani, kilichochimbwa kwenye mwamba na kujengwa kwa zege nene. Ulikuwa uzito wa chuma ulioning'inizwa kwa springi. Ardhi ikitikisika, uzito ule ulibaki nyuma kidogo kwa uvivu wake, na tofauti hiyo ndiyo iliyoandikwa na sindano. Nilipoelewa hivyo nilidhani nimemaliza elimu yote. Kumbe bado jambo kubwa, nalo ni kwamba tetemeko halitumi wimbi moja. Wimbi la kwanza lina mbio lakini ni jepesi, mtu aliye nyumbani anaweza kudhani lori limepita barabarani. La pili linachelewa, ni zito, na ndilo linaloangusha kuta. Pengo kati ya mawimbi hayo mawili lilituambia kitovu kiko mbali kiasi gani. Mara nyingi tulipopiga hesabu tulikuta kitovu kiko chini ya ziwa letu wenyewe, kwa sababu Ziwa Tanganyika limelala ndani ya bonde la ufa, na ufa huo bado haujamaliza kupanuka.

Nilipoambiwa hayo nilikosa raha. Nimezaliwa kando ya maji yale, nimeogelea humo, nimefua humo. Sikujua kwamba chini yake ardhi inaachana. Kwa muda mrefu nikishuka ufukwe wa Kibirizi kununua dagaa nilikuwa nakanyaga mchanga kwa wasiwasi, na nikiona maji yametulia sana ndipo naogopa zaidi. Mkuu alisema woga huo utakwisha baada ya mwaka. Alikuwa mtu wa kweli kwa mambo mengi, lakini hapo alikosea.

Watu nao hawakunisaidia. Wapo walioamini mashine ndiyo inayoyaita matetemeko, wakanitumia ujumbe niizime walau mwezi wa mfungo. Wengi zaidi waliamini kwamba inajua. Nikipita sokoni swali lilikuwa hilo hilo, je, linakuja lini? Nikijibu kwamba mashine inaandika yaliyopita tu, walitazamana, kisha mmoja akasema kwa huruma kwamba bila shaka tumeapishwa tusiseme.

Baada ya miaka mingi, nimeshaolewa na kuzaa, nilipelekwa mafunzoni Gwatemala, Amerika ya Kati, nchi yenye milima ya moto mingi kuliko niliyokuwa nimeisoma darasani. Ukifungua dirisha asubuhi unaona mlima unafuka moshi, na chini yake mwanamke anachoma mikate ya mahindi kama hana habari. Siku ya kwanza majivu yalinyesha uani tukiwa tunakula. Wenzangu wa pale walifunika sahani kwa vitambaa wakaendelea kula, mimi nikaingia chini ya meza. Jamani, nilichekwa mpaka machozi yakawatoka. Lakini ardhi ilipotikisika hawakucheka. Walitoka nje wote kwa pamoja, kimya, hakuna aliyegeuka kuchukua hata kiatu, na walikaa uwanjani mpaka mtu wa zamu alipowaita. Mkufunzi wetu, mama mmoja mkavu wa maneno, alituambia kwamba kule wanafikiria kutengeneza kengele itakayolia wimbi la kwanza likifika, ili watu watoke kabla ya la pili. Mwanafunzi mmoja akauliza sekunde chache hizo zitamsaidia nani. Mkufunzi akaendelea na somo.

Niliporudi Bangwe, Mkuu wa zamani alikuwa amestaafu. Huyu mpya alikuwa kijana kuliko mimi, msomi, mpole, na mwoga wa makao makuu. Masizi tulikuwa tumeyaacha, sasa kalamu ilikuwa ya wino na karatasi ilikuwa nyeupe. Mimi nilikuwa mjane tayari, naishi chini ya kilima katika nyumba ya matofali mabichi aliyoniachia marehemu, na binti yangu Zuhura alikuwa amekuja kwangu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mama mkwe wake, Bi Mwajuma, alitoka Ujiji akahamia kwangu kumsaidia kulea.

Bi Mwajuma tulikuwa tukiitana mkwe, lakini tulipendana kama ndugu na kugombana vilevile. Alikuwa na taratibu zake za arobaini na hakutaka kuzipunguza hata moja. Mzazi na mtoto wasitoke chumbani mpaka siku arobaini zitimie. Uji wa mzazi, wa ulezi na pilipili manga, anaukoroga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asubuhi na jioni. Nilijaribu kuukoroga mara moja, akaumwaga.

Mtoto, tuliyempa jina la Idi, alikuwa bado mchanga kabisa tetemeko lilipopiga. Ilikuwa mchana, mimi niko kituoni. Nilisikia mngurumo kabla ya kitu chochote, kisha kilima kikaniinua kikaniangusha. Kalamu iligonga mwisho wa pipa huku na huku mpaka ikachana karatasi. Nilisahau mafunzo yote, nilisahau Gwatemala, nikashuka kilima bila viatu nikipiga kelele jina la mwanangu.

Niliwakuta hai. Walikuwa uani, Zuhura analia, Bi Mwajuma amemfunika mtoto ndani ya kanga zake na hataki kumwachia mtu. Nyumba ilikuwa imesimama, lakini ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, ufa wa kuingiza mkono. Nikasema hakuna atakayelala humo. Mtaa mzima ulilala nje, chini ya maturubai, vyandarua na makuti.

Sasa ndipo ilipoanza hofu yenyewe. Baada ya tetemeko kubwa hufuata madogo mengi, na kwa kawaida yanapungua kidogo kidogo. Kwa kawaida. Wakati mwingine katikati yake linatokea jingine kubwa, na hakuna mtambo duniani unaoweza kukuambia kama litatokea. Kila siku niliona kalamu ikiruka, ikitulia, ikiruka. Nikirudi nyumbani nilikuta mvua. Ilikuwa mvua ya msimu, haina huruma, inapita chini ya turubai na kulowesha magodoro. Idi akaanza kukohoa. Muuguzi wa zahanati alitupa dawa, akasema mtoto huyu awekwe pakavu penye joto, la sivyo kifua kitambana. Nikamuuliza pakavu ni wapi. Kumbe naye alikuwa analala nje.

Bi Mwajuma alitaka turudi ndani. Alisema nyumba imepasuka lakini haijaanguka, na mvua inamuua mtoto mbele ya macho yetu huku mimi nangojea jambo ambalo mwenyewe nasema silijui. Tuligombana kwa sauti, mbele ya watu. Nilimwogopea mtoto ndani, nilimwogopea nje.

Jioni moja Mzee Rajabu, fundi wa boti, jirani yetu wa mkono wa kulia, alinifuata nikiwa nakamua godoro. Nikamwamkia. Aliitikia.

"Mwanangu, hatukuulizi tena habari za mashine," akasema. "Tunaangalia godoro lako. Likiwa nje, na sisi tuko nje. Siku ukiliingiza, tutaingia. Kwa hiyo ulitazame vizuri hilo godoro."

Nilikaa chini pale pale matopeni. Nilikuwa nafikiria mtoto mmoja, kumbe nimebeba mtaa. Nikimwingiza Idi ndani kwa sababu ya kifua, wataingia wote chini ya kuta zao za udongo wakidhani nimepata habari njema. Nikimwacha nje, nitamzika.

Asubuhi nilipanda kilimani kumwona Mkuu wa Kituo. Nilimwambia kwamba mahali pakavu na imara kuliko pote Bangwe ni hapa petu, na kwamba naomba binti yangu na mtoto wakae chumba cha mbele, penye pipa la karatasi. Alikataa. Hakukataa kwa ubaya. Alieleza kwamba makao makuu wanapiga simu kila saa wakitaka kumbukumbu safi za matetemeko madogo, na mtu akikohoa tu mle karatasi inachafuka. Nilimsikiliza. Nikamwambia ninachojua, kwamba mtoto anakohoa kweli. Kisha nikaanza kulia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kazini tangu niajiriwe.

"Mlete," akasema hatimaye. "Tutaandika pembeni ya karatasi kwamba hayo ni watoto."

Alisema watoto, si mtoto, nami nikamshika kwa neno hilo hapo hapo. Nilishuka nikamwambia Mzee Rajabu mbele ya watu kwamba sijapata habari yoyote, sijui kama linakuja au haliji, ninachokimbia ni mvua, na kila mwenye mtoto mchanga amlete juu. Godoro langu litabaki nje. Wakaja akina mama na vichanga vyao, mmoja alikuwa mkimbizi wa Burundi aliyekuwa kwa shangazi yake, hajui Kiswahili vizuri, lakini alielewa neno pakavu. Tukawalaza kwenye mikeka kuzunguka pipa. Kalamu ilianza kuandika mambo ya ajabu. Mkuu alikaa nje mlangoni na simu yake, akiwaeleza wakubwa zake uongo wa heshima.

Idi alipata joto. Kikohozi kililegea. Bi Mwajuma alikubali kupanda nao, japo alilalamika kwamba arobaini ya namna hii hajaiona, kichanga kinalelewa shimoni na mashine. Lakini uji wa mzazi hakuukubali upikwe kilimani kwenye jiko la umeme la Mkuu. Kila asubuhi alishuka nyumbani kwangu, akakoroga, akapanda na chungu kimefunikwa kwa kanga. Alikuwa akikoroga uani, kwenye mafiga.

Asubuhi ile mvua ilikuwa kubwa kuliko zote. Alipochukua kuni zake nilimzuia. Nilimwambia uani kumejaa maji, moto hautawaka, aache leo Zuhura anywe chai. Akasema mzazi hanywi chai tumbo tupu, na kwamba jikoni ndani kuna mafiga makavu. Nikamwambia ukuta wa jikoni ndio uliopasuka. Nikamshika mkono kabisa.

"Nakoroga natoka, mkwe," akasema. "Si nalala humo."

Akashuka na mwavuli.

Nilikuwa nimempakata Idi. Wanawake wote walikuwa wamekaa kitako kwenye mikeka, wengine wananyonyesha, Zuhura alikuwa amesinzia. Hakuna aliyekuwa anatembea. Nilihakikisha hilo baadaye, nilimuuliza kila mmoja. Nikaitazama kalamu, na kalamu ikaanza kucheza.

Haikuwa miguu, haikuwa kikohozi. Lilikuwa wimbi la kwanza, kali, linapanda, na mle chumbani bado hatukuhisi kitu. Ndani ya miaka yote ile ya kuulizwa sokoni kama najua, hiyo ndiyo mara pekee niliyojua. Linakuja. Linafika sasa hivi. Na Bi Mwajuma yuko chini jikoni. Zuhura alikuwa na simu chini ya mto, lakini simu inahitaji mkono wa kuifikia, na namba, na mtu wa kuipokea. Nilimkumbatia Idi kifuani nikaanza kusema Bismillahi. Sikuifikisha Rahmani Rahimu. Mngurumo ukafika, taa ikazimika, na wanawake wakaanza kupiga mayowe gizani.

Chumba kile hakikupata hata ufa. Watoto wote walitoka salama. Mtaani nyumba kadhaa zilianguka, na kwa kuwa magodoro yalikuwa nje, watu walikuwa nje, wamelowa na wazima. Mzee Rajabu na vijana wake ndio waliouondoa ukuta wa jikoni kwangu. Walinikataza kusogea, nikasogea. Bi Mwajuma alikuwa karibu sana na mlango. Alikuwa amejaribu kutoka.

Zuhura alimaliza arobaini yake matangani.

Nilifanya kazi tena miaka mingi baada ya hapo. Pipa likaondolewa, ikaja mitambo inayokula umeme wa jua na kutuma habari yenyewe makao makuu bila karatasi wala wino, na mimi nikawa mtu wa kufagia vumbi kwenye paneli na kufukuza mijusi. Siku ya kustaafu walinipa kanga na hotuba. Idi alikuja, kijana mkubwa sasa, anaendesha bajaji mjini Kigoma, kifua chake kizima kabisa. Hajui sauti ya bibi yake wa Ujiji ilikuwaje. Mimi namwambia, lakini sauti haielezeki.

Mnaniuliza kama bado naogopa. Naogopa. Naogopa lori zito likipita, naogopa mbwa wa mtaa wakinyamaza kwa pamoja, naogopa mvua ya asubuhi. Sina aibu kusema. Aliyeishi juu ya ufa ule na haogopi, basi hajaambiwa.

Lakini kuna jambo moja nataka mlishike ninyi mnaoanza kazi hii. Hivi karibuni vijana wawili wa kituoni walikuja kunisalimia. Walisema kuna mpango wa kufunga kengele huku kwetu, kama zile za Amerika ya Kati, zilie kwenye misikiti, shuleni na kwenye simu wimbi la kwanza likigonga mtambo. Mmoja wao hakuupenda mpango huo. Alisema gharama ni kubwa, na kwa kitovu kilicho karibu hivi watu watapata muda mfupi mno, hautoshi kitu.

Sikubishana naye kwa hesabu. Nyumba yangu niliijenga upya, lakini jiko nililiacha pale pale, mafiga yalipokuwa, na mlango pale pale. Asubuhi zingine nikiwa peke yangu nasimama penye mafiga, naanza Bismillahi, natembea kwenda mlangoni kwa mwendo wa mwanamke wa umri wa Bi Mwajuma, wala sikimbii. Rahmani sijaifikia, niko nje.

Muda ule unatosha.